Kupandisha na kushusha mashine nzito za karakana kwenye ngazi nyembamba za nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanamhusu fundi mwenye karakana nyumbani, awe anakereza vyuma, anaranda mbao au anashona kwa cherehani za kiwandani, ambaye chumba chake cha kazi kiko ghorofani au kinafikiwa kwa ngazi moja tu isiyo na nafasi ya kupishana. Jambo tunalolisisitiza tangu mwanzo ni kwamba kwenye ngazi uzito wa mashine unapaswa kushikwa na mbao na kamba, na mikono ya watu ibaki na kazi ya kuelekeza. Mahali ambapo misuli ya mtu ndiyo breki pekee, kuteleza kwa unyayo mmoja kunatosha kumletea ulemavu wa maisha.

Nitajuaje uzito halisi wa mashine yangu?

Anza na kibati cha mtengenezaji au kitabu cha mashine. Visipokuwepo, pima mwenyewe kwa mizani ya kawaida ya kupimia uzito wa mtu. Weka upande mmoja wa mashine juu ya mizani na upande wa pili juu ya tofali au kipande cha mbao chenye kimo sawa na mizani, soma kipimo, kisha badilisha pande. Jumla ya vipimo viwili ndiyo uzito wa mashine, na upande uliotoa kipimo kikubwa ndio ulio karibu zaidi na kitovu cha uzito. Angalia kwanza kiwango cha juu cha mizani yako, kwa kuwa nyingi haziendi zaidi ya kilo 150.

Kukadiria kwa macho hudanganya sana, kwa sababu mashine hizi zimetengenezwa kwa chuma cha kusubu, ambacho kipande chake chenye urefu, upana na kimo cha sentimita 10 kina uzito wa zaidi ya kilo 7. Mashine ndogo ya kereza ya kuweka mezani huwa na takriban kilo 40, lakini ya ukubwa unaofuata inaweza kupita kilo 100 kwa urahisi, na zile za zamani za vyuo vya ufundi hupita kilo 200. Kichwa cha cherehani ya kiwandani peke yake kinakaribia kilo 30 kabla hujahesabu meza na mota. Mfuko wa saruji una kilo 50, na kila mtu amewahi kuuona ukibebwa begani. Lakini mfuko huo hulala kwenye bega na kujikunja kufuata mwili, ilhali chuma kina kona, hakijikunji, na uzito wake umejaa upande mmoja.

Nipime nini kwenye ngazi kabla ya siku yenyewe?

Pima upana mwembamba kuliko wote, na si upana wa wastani. Mara nyingi unapatikana pale reli ya ngazi inapokaribiana na ukuta, au kwenye fremu ya mlango wa juu. Kama mlango ndio tatizo, kuondoa ubao wa mlango kwenye bawaba zake huongeza sentimita kadhaa kwa kazi ya dakika chache.

Kona ndiyo inayowashinda wengi. Kwa ngazi inayogeuka pembe mraba na yenye upana ule ule pande zote mbili, kuna hesabu rahisi: zidisha upana wa ngazi kwa 1.41, toa upana wa mashine, kisha jibu lizidishe kwa 2. Unachopata ni urefu mkubwa kabisa wa mashine unaoweza kugeuka hapo ikiwa imelala bapa. Ngazi ya sentimita 90 na mashine yenye upana wa sentimita 50 hutoa takriban sentimita 154. Mashine yenye upana wa sentimita 60 hutoa sentimita 134 tu. Katika jibu hilo punguza sentimita 10 kwa ajili ya vidole vya watu na blanketi la kukinga ukuta. Fundi asiyependa hesabu atengeneze fremu nyepesi ya maboksi au mabanzi yenye vipimo vya mashine, apande nayo ngazi yote hadi chumbani. Hata aliyekwisha kupiga hesabu tunamshauri afanye hivyo, kwa sababu fremu huonyesha taa inayoning'inia, bomba lililopita nje ya ukuta na kitasa kilichochomoza.

Kimo cha dari nacho kipimwe kwa namna yake. Mashine inapolala sambamba na mteremko wa ngazi, nafasi inayoihusu ni ile inayopimwa kwa pembe mraba kutoka mstari wa kingo za vidato hadi dari, wala si ile ya wima. Ngazi yenye mwinamo wa nyuzi 40 na nafasi ya wima ya mita 2 inabaki na takriban mita 1.53 tu kwa kipimo hicho.

Je, ngazi na sakafu zitahimili uzito?

Sakafu za zege za nyumba za makazi kwa kawaida husanifiwa kubeba mzigo wa kilonyutoni 1.5 hadi 2 kwa kila mita ya mraba, yaani takriban kilo 150 hadi 200 zilizotandazwa sawasawa. Mashine ya kilo 200 iliyosimama kwenye miguu minne midogo haijatandaza kitu. Iwekee ubao mpana na mnene chini yake, na uisimamishe karibu na ukuta unaobeba sakafu au juu ya boriti ya zege badala ya katikati ya chumba. Zaidi ya uzito huo, au pale ambapo zege lina nyufa au nondo zimeanza kuonekana, mwite mhandisi wa majengo aangalie. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na sakafu.

Nyumba za zamani za mwambao zinahitaji tahadhari ya pekee. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa kale wa Lamu, kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu za juu zimelazwa juu ya boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa karibu mita 3 tu, kwa kuwa boriti haiendi mbali zaidi ya hapo. Boriti iliyo kavu ni imara kwa ajabu, lakini ncha yake iliyozama ndani ya ukuta ikishaingiwa na unyevu huoza pasipo kuonekana, na mchwa humaliza kazi hiyo. Ngazi zenyewe zina mwinamo mkali na vidato visivyolingana. Ushauri wetu kwa nyumba hizo ni thabiti: mashine inayotetemeka au yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 ikae chini, na ghorofani zibaki meza ya kazi, nakshi za mkono na vyombo vyepesi. Miji hiyo ni urithi wa dunia, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na dari iliyoporomoka haitengenezwi kwa saruji ya dukani.

Ngazi za mbao zikaguliwe kwa chini. Panda kidato kimoja kimoja ukiwa na mtu anayetazama upande wa pili, na popote ubao unapolia au kubonyea, weka nguzo ya muda kabla ya kazi.

Nifungue sehemu zipi, na zipi niziache?

Fungua kila kinachotoka kwa bolti bila kuharibu usahihi wa mashine. Kwenye mashine ya kereza ondoa mota, chaki ya kushikia kipande cha kazi, kichwa cha nyuma, kishika visu, trei ya mafuta na miguu. Hapo mashine ya kilo 120 inaweza kubaki na kitanda, yaani mwili mrefu wa chuma unaobeba sehemu nyingine, na kichwa chenye gia, pengine nusu ya uzito wa awali au zaidi kidogo. Kichwa chenye gia kisitolewe kwenye kitanda isipokuwa kwa ulazima mkubwa, kwa sababu kukirudisha katika mstari wake ni kazi ya saa nyingi.

Mashine ya kutobolea ya kusimama sakafuni ina uzito wake wote juu. Shusha kwanza meza yake hadi chini, kisha funga kichwa kwa mkanda na mtu wa pili akishikilie kabla ya kulegeza bolti zinazokibana kwenye nguzo, maana kichwa hicho kikilegea huzunguka na kuteleza kwa ghafla. Msumeno wa mkanda uondolewe msumeno wenyewe, meza na mota. Kichwa cha cherehani kinainuliwa kutoka kwenye bawaba zake baada ya kumwaga mafuta ya trei.

Piga picha kila waya kabla ya kuung'oa. Bolti za sehemu moja ziingie mfuko mmoja ulioandikwa jina, na mfuko huo usifungwe kwenye mashine, ubebwe na mtu. Sehemu zilizosuguliwa zipakwe grisi na kufunikwa kwa kitambaa. Kumbuka pia kwamba chuma cha kusubu ni kigumu lakini hakina uvumilivu wa kupigwa: kikianguka kutoka kimo cha kidato kimoja kinaweza kupata ufa ambao hakuna fundi wa kuchomelea atakayeurudisha kama ulivyokuwa.

Wanahitajika watu wangapi?

Swali lenye manufaa zaidi ni kila mtu atabeba kiasi gani. Mwongozo wa mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza unamwekea mwanamume kilo 25 na mwanamke kilo 16, mzigo ukiwa karibu na mwili kwenye usawa wa kiuno, sakafu ikiwa bapa. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1967, linataja kilo 55 kuwa kikomo kwa mfanyakazi mwanamume mtu mzima. Ngazini hali hizo nzuri hazipo, na aliye chini hubeba sehemu kubwa kuliko aliye juu. Kuongeza watu hakusaidii, kwa kuwa ngazi ya sentimita 90 haina nafasi ya watu wanne kuzunguka mzigo. Kwa hiyo kipande chochote kinachozidi kilo 50 kisibebwe mikononi ngazini. Kipite kwenye mbao.

Njia ya mbao na kamba inafanyikaje?

Lazeni mbao mbili za inchi mbili kwa sita, zilizonyooka na zisizo na mafundo makubwa, kutoka chini hadi juu ya ngazi, ili ziwe reli. Kila ubao uguse ukingo wa kila kidato. Pale ambapo kidato kimoja ni kifupi kuliko wenzake, ubao utaning'inia, na hapo papachikwe kabari hadi ubao usibonyee mtu akisimama juu yake. Ncha za juu zifungwe zisiteleze, na ncha za chini zizuiwe na ubao uliokingamizwa dhidi ya ukuta. Mbao hizi zinagawa uzito kwa vidato vingi kwa pamoja, jambo ambalo toroli haliwezi kufanya, kwa kuwa gurudumu la toroli hugonga ukingo wa kidato kimoja kwa uzito wote.

Mashine yenyewe ifungwe kwa bolti kwenye kitako cha mbao kupitia matundu ya miguu yake, ikilazwa ili kitovu cha uzito kiwe chini kadiri iwezekanavyo, na upande mzito uelekee juu ya ngazi. Kitako kiwe na vipande vya pembeni vinavyoingia kati ya reli mbili ili kisichepuke. Kamba ifungwe kwenye kitako na kuzunguka kitanda cha mashine, kamwe isifungwe kwenye parafujo ndefu ya kuongozea, kwenye mpini wala kwenye kifuniko cha bati.

Tuchukue mzigo wa kilo 120 kwenye ngazi ya nyuzi 38. Nguvu inayouvuta chini kufuata mteremko ni sawa na kilo 74 hivi. Wakati wa kupanda, msuguano wa mbao kwa mbao unaongeza karibu kilo 28, kwa hiyo wavutaji wanahitaji takriban 102. Kapi zenye kamba nne zinazobeba mzigo hupunguza kiasi hicho hadi robo, yaani 26, na ukijumlisha msuguano wa kapi zenyewe inafikia labda 35, kazi ambayo watu wawili wanaimudu bila kukaza meno. Kila mzigo unapopanda kidato kimoja, msaidizi aliye pembeni asukume kabari nyuma ya kitako kwa fimbo, si kwa mkono. Chenibloku ni bora zaidi ikiwa ipo, kwa kuwa hushika mzigo yenyewe pindi mvutaji anapoacha mnyororo, ila itumike ile iliyoandikwa na mtengenezaji kuwa inafaa kuvuta kwa mlazo.

Sabuni ya mche ikipakwa kavu juu ya reli hurahisisha kupanda. Wakati wa kushuka isitumike hata kidogo.

Kamba ifungwe wapi kwa usalama?

Isifungwe kwenye reli ya ngazi, wala kwenye nondo za dirisha. Fremu nyingi za nondo zimeshikwa na skrubu chache ndani ya lipu, na zimewekwa kumzuia mwizi, si kubeba mzigo. Nguzo ya zege iliyo wazi ni nzuri, mradi kona zake zifunikwe gunia ili zisikate kamba. Kama hakuna nguzo, tumia mlango: chukua mbao nene ya nne kwa nne, au bomba zito la chuma, ndefu kuliko upana wa mlango kwa angalau sentimita 30 kila upande, uikingamize nyuma ya ukuta wa mlango unaotazama ngazi, na ufunge kamba katikati yake. Ukuta mzima ndio utakaoshika. Ukuta huo uwe wa tofali au zege, usiwe wa mbao nyembamba au jasi.

Kamba za plastiki zilizoanikwa juani kwa miezi huchoka ndani zikiwa bado na rangi. Inayotoa unga unapoisugua na ambayo nyuzi zake zinakatika kwa kucha haifai kazi hii.

Kushusha si rahisi kuliko kupandisha?

Kunachosha misuli kwa kiasi kidogo kuliko kupandisha, lakini ni hatari zaidi. Katika mfano uleule wa kilo 120, msuguano sasa unasaidia, na kinachobaki kushikwa ni kama kilo 46, lakini mzigo ukishapata mwendo haushikiki tena kwa mikono. Zungusha kamba mara mbili kamili kwenye nguzo au bomba lililoshikwa imara. Kwa msuguano wa kawaida wa kamba kwenye chuma laini, mizunguko miwili hupunguza nguvu inayomfikia mshikaji kwa zaidi ya mara 20, hivyo kilo 46 zinakuwa kama mbili mkononi mwake. Aitoe kamba sentimita kwa sentimita, mkono wake ukiwa mbali na nguzo, na kamba iliyobaki ilazwe nyuma yake bila kuzunguka miguu ya mtu yeyote.

Jambo moja halina ubaguzi katika kupanda na kushuka: hakuna anayesimama chini ya mzigo, hata kwa kuweka kabari. Watoto waondolewe nyumbani kabisa kwa muda huo.

Mzigo ukianza kuteleza tufanye nini?

Uacheni. Ondokeni kwenye njia yake na msijaribu kuudaka.

Je, tunaweza kuipitishia roshani kama tunavyopandisha makochi?

Kochi kubwa huinuliwa kwa kamba hadi ghorofa ya tatu, na wengi tumeona likifanyika. Mashine ni jambo jingine, kwa sababu ukuta mdogo wa roshani umejengwa kumzuia mtu asianguke tu, na roshani yenyewe imening'inia upande mmoja. Lori lenye kreni ndilo linalofaa, likiweza kusogea karibu na nyumba, nazo nyaya za umeme zikiwa mbali na mkono wake. Katika vichochoro vya miji ya kale halifiki.

Vipi kuhusu kompresa, jenereta na mashine za kuchomelea?

Kompresa itolewe hewa yote, kisha koki ya chini ifunguliwe maji yatoke. Lita 10 za maji zinazocheza ndani ya tangi zina uzito wa kilo 10 unaohamahama. Jenereta imwagwe petroli nje ya nyumba, na isilazwe ubavu ikiwa na oili, maana oili huingia kwenye silinda. Mashine ya zamani ya kuchomelea yenye transfoma nzito ya shaba tunaona haina haja ya kupandishwa: inverta za leo zenye kilo chini ya 10 hufanya kazi nyingi za nyumbani, na fedha za kukodi watu zinaweza kuwa sehemu ya bei yake.

Umeme wa nyumbani utatosha?

Soma kibati cha mota kabla ya kuinua chochote. Nyumba nyingi zina fezi moja ya volti 230 au 240, ilhali mashine nyingi zilizotoka viwandani zinataka fezi tatu, volti 400 au 415. Uombe huduma hiyo kwenye shirika la umeme, ubadilishe mota, au uweke kifaa cha kugeuza fezi, lakini uamuzi huo ufanyike mashine ikiwa bado chini.

Nikiwakodi wabebaji, tuelewane nini?

Waambie uzito wa kweli na uwaonyeshe ngazi kabla ya kutaja bei. Anayeficha uzito ili apunguziwe malipo anaweka mgongo wa mwenzake rehani. Lipa kwa kazi nzima na si kwa saa, ili usiwe na sababu ya kuwaharakisha, na ukubali wazi kwamba malipo hayapungui wakiamua kusimama na kupanga upya. Kila mmoja awe na viatu vilivyofunika mguu na vyenye soli inayoshika. Ndala zibaki mlangoni. Glavu zivaliwe na wanaoshika kamba na mbao.

Amri zitoke kwa mtu mmoja tu: vuta, legeza, simama. Lakini neno "simama" liruhusiwe kwa kila mtu, hata kijana mdogo kuliko wote, na likisikika kila mkono unatulia. Mwito wa kuvuta kwa pamoja, ambao makuli wa bandarini na wavuvi wanaopandisha ngalawa ufukweni hufanyia kazi vizuri, haufai hapa, kwa kuwa mvuto wa ghafla hustua kamba na kurusha kitako nje ya reli.

Mashine ikishafika, naweza kuiwasha siku hiyohiyo?

Cherehani na mashine ya kutobolea, ndiyo, baada ya kurudisha sehemu, kutia mafuta na kuzungusha kwa mkono kuhakikisha hakuna kinachokwaruza. Mashine ya kereza isubiri. Kitanda chake kikisimama kwenye miguu isiyolingana hujipinda kwa kiasi kisichoonekana, na kipande unachokereza kinatoka chembamba upande mmoja na kinene upande wa pili. Pimamaji ya useremala haina makali ya kutosha kwa kazi hii. Inayofaa ni ile ya mafundi mitambo inayoonyesha tofauti ya milimita 0.02 kwa kila mita. Asiye nayo akereze fimbo ya chuma iliyoshikwa upande mmoja tu na chaki, apunguze katikati na kuacha mikanda miwili, mmoja karibu na chaki na mwingine mwishoni, kisha apitishe kisu kwenye mikanda yote bila kubadili kina na kuipima kwa maikromita. Ikitofautiana, aongeze au apunguze kibati chembamba chini ya mguu mmoja wa upande wa kichwa cha nyuma na kurudia hadi vipimo vilingane. Kipimo hicho kirudiwe baada ya wiki chache, mbao zilizo chini ya mashine zikishatulia.